Bati nene au vigae vizito? Paa na ukuta wa nje mahali penye dhoruba

Msomaji mmoja anauliza: "Nyumba yetu ina kuta za matofali chini, na ghorofa ya juu ni ya fremu ya mbao iliyovalishwa mbao kwa nje. Paa ni la mabati, la pande mbili. Dhoruba iliyopita iling'oa mabati manne kwenye kona, na mbao kadhaa za ukuta zikatoka upande ambao, kwa kweli, haukuwa umeelekea upepo. Fundi wa kwanza anashauri tuweke mabati mazito zaidi na misumari mirefu. Wa pili anasema tuachane na mabati, tuezeke vigae, kwa kuwa uzito wake utalituliza paa. Nani yuko sahihi, na ukuta tuuvalishe nini?"

Ndugu msomaji, nianze na mambo mawili uliyoyaeleza kwa kupita tu, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu. Mabati yako hayakung'oka katikati ya paa bali konani, na mbao za ukuta hazikutoka upande uliopigwa na upepo bali upande uliojificha. Kama kazi ya dhoruba ingekuwa kusukuma tu, ungeona kinyume chake. Mafundi wako wanabishana juu ya unene na uzito, lakini wote wawili wanaifikiria dhoruba kama mtu anayeegemea mlango, ilhali madhara mengi ya upepo kwenye mapaa na kuta hutokana na kuvuta.

Upepo unapokutana na nyumba hulazimika kupanda juu yake na kuizunguka. Ukifika ukingoni mwa paa au kwenye pembe ya ukuta, hauwezi kuufuata uso uliogeuka ghafla, hivyo huachana nao na kuacha visulisuli vyenye mgandamizo hafifu wa hewa. Hewa iliyomo ndani ya nyumba hulisukuma bati kutoka chini, na visulisuli hivyo hulifyonza kutoka juu. Jambo hilohilo hutokea kwenye kuta za ubavuni na za nyuma, ndiyo maana mbao zako zilitoka mahali ambapo ukisimama wakati wa dhoruba ungejiona umepata kinga.

Hesabu yake si ngumu. Mgandamizo wa upepo, kwa kipimo cha paskali, hupatikana kwa kuzidisha 0.613 kwa mraba wa kasi ya upepo iliyopimwa kwa mita kwa sekunde. Upepo wa mita 33 kwa sekunde, yaani kilomita 119 kwa saa, ambao ndio mwanzo wa daraja la kwanza katika kipimo cha Saffir-Simpson cha kupanga vimbunga kwa kasi ya upepo, hutoa paskali zipatazo 670, sawa na uzito wa kilo 68 hivi juu ya kila mita ya mraba. Upepo ukifika mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa, kiasi hicho hupanda hadi kilo 156. Angalia kwamba kasi imeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu imezidi maradufu. Konani na kandokando ya paa mvuto waweza kuzidi mara mbili ya hapo, kwa hiyo bati lenye eneo la mita mbili za mraba, likiwa kwenye kona, laweza kuvutwa kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya nusu tani.

Sasa weka uzito wa vigae mbele ya hesabu hiyo. Vigae vya zege huwa na kilo 45 hadi 50 hivi kwa kila mita ya mraba, na mabati ya kawaida huwa na kilo nne au tano. Fundi wa pili ana haki kwamba vigae ni vizito kuliko bati, lakini mzigo wa kilo 50 haulitulizi paa linalovutwa kwa nguvu ya kilo 300. Ni kweli pia kwamba hewa hupenya katikati ya vigae na kupunguza tofauti ya mgandamizo kati ya juu na chini yake, kwa hiyo kigae kimoja kimoja hakivutwi kwa nguvu yote hiyo. Lakini vigae vya pembeni na vile vya juu kabisa ya paa, hasa vikiwa vimelazwa kwenye udongo wa saruji bila skrubu wala kishikio, ndivyo huondoka kwanza, na kigae kilichoruka huwa kombora kwa dirisha la jirani. Zaidi ya hayo, kenchi zako, yaani fremu za mbao zinazolibeba paa, zilipimwa kubeba mabati. Kuziongezea mzigo mara kumi bila mhandisi kuzikagua ni kujitafutia hatari hata siku ambazo hakuna upepo. Vigae si vibaya, na zipo nyumba nyingi za vigae zilizostahimili vimbunga vikali, ila zilistahimili kwa sababu kila kigae kilifungwa.

Ushauri wa fundi wa kwanza una ukweli zaidi, lakini nao umeishia njiani. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1974 kimbunga Tracy kiliupiga mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia. Kipimo cha upepo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa kabla ya kuharibika, na takriban asilimia 70 ya nyumba za mji zilibomoka au kuharibika vibaya. Wahandisi walioyachunguza mabaki waligundua kwamba mabati mengi hayakuchanwa na pigo moja la upepo. Bati jembamba la chuma kigumu lilikuwa limepindwa juu na chini kwa saa kadhaa pale linapobanwa na kichwa cha msumari au skrubu, likachoka na kupata nyufa, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mkononi hadi ukakatika. Mwishowe bati likaondoka na kuiacha skrubu imesimama kwenye mbao. Ndiyo sababu leo mabati yanayokusudiwa kwa maeneo ya vimbunga hupimwa kwa kuvutwa na kuachiwa maelfu ya mara, na ndiyo sababu mahali hapo huwekwa bamba pana la chuma chini ya kichwa cha skrubu, ili nguvu igawanyike badala ya kulitoboa bati.

Kwa hiyo unene wa bati una maana, lakini maana yake iko pale lilipobanwa, si kwenye uzito wake. Utakaponunua, usiridhike na jina la geji peke yake. Namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba, jambo linalowachanganya wengi, na mabati mawili yanayouzwa kwa geji ileile yanaweza kutofautiana unene. Uliza unene wa chuma chenyewe kwa milimita, bila kuhesabu rangi na zinki, kisha uliza jedwali la kiwanda linaloonyesha bati hilo lifungwe kwa nafasi gani kulingana na kasi ya upepo. Muuzaji asiyekuwa na jedwali hilo anakuuzia kitu cha kuzuia jua na mvua ya kawaida.

Kuhusu misumari mirefu, nimefunua mapaa mengi yaliyopigwa na dhoruba, na jambo ninalokutana nalo mara kwa mara ni msumari mzima, ulionyooka, uliochomoka taratibu kama kizibo. Msumari laini hushikwa na msuguano wa mbao tu. Mbao ikikauka na kusinyaa, na bati likitikiswa miaka kadhaa, msuguano huo hupungua, na urefu ulioongezwa huchelewesha tu siku ya kuchomoka. Kwa mabati tumia skrubu za paa zenye mpira chini ya kichwa. Kwa kuunganisha mbao na mbao tumia misumari yenye pete mwilini, ambayo pete zake huuma nyuzi za mbao na kuongeza mshiko mara nyingi kufikia karibu mara mbili ya msumari laini. Skrubu ipigwe wima juu ya tuta la bati, si bondeni ambako maji hupita, na ikazwe mpaka mpira ubanwe bila kupasuka. Mpira uliofurika pembeni mwa kichwa ni dalili ya fundi mwenye haraka.

Nafasi za skrubu zisilingane paa zima. Desturi nzuri katika maeneo ya vimbunga ni kupiga skrubu kwenye kila tuta kandokando ya paa, kwenye michirizi, kwenye kofia ya juu na konani, na kuruka tuta moja moja katikati. Papi nazo, yaani mbao zinazolala juu ya kenchi ambazo mabati hufungwa kwake, zikaribiane zaidi pembezoni. Bati lako lililong'oka bila shaka lilifungwa konani kwa nafasi zilezile za katikati, kwa sababu ndivyo kazi inavyokwenda haraka.

Hata hivyo, ukishalifunga bati vizuri umeuhamisha udhaifu tu, hujauondoa. Nguvu ile ya nusu tani sasa inapita kwenye skrubu kwenda kwenye papi, kutoka papi kwenda kwenye kenchi, kutoka kenchi kwenda kwenye mbao iliyolala juu ya ukuta, kisha kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), ukuta na msingi. Katika vimbunga vilivyofuata baada ya Darwin, kwenye nyumba za zamani zilizobadilishiwa mabati peke yake, ilionekana mara nyingi kwamba mabati yaliruka yakiwa bado yamekumbatia papi zake: skrubu zilishika, misumari miwili iliyounganisha papi na kenchi ikachomoka. Kabla hujalipa hata bati moja jipya, mwambie fundi afunue kona iliyoharibika na akuonyeshe kiungo hicho kwa macho yako.

Dawa yake ni mikanda ya chuma iliyotobolewa, ile inayopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili, ikapigiliwa misumari kwa ubavu. Faida yake ni kwamba msumari ulioingia kwa ubavu hauvutwi kwenda nje. Ili mkanda uachie, ni lazima msumari ukatwe au mbao ipasuke, na hiyo ni kazi kubwa kuliko kuuchomoa. Jaza misumari kwenye matundu yote yaliyotobolewa na kiwanda. Kwa ghorofa yako ya mbao, mikanda hiyo iendelee chini hadi kwenye nguzo za fremu, na fremu yenyewe ifungwe kwenye zege la ghorofa ya chini kwa boliti zilizozama ndani ya lenta. Karibu na bahari, au kwenye mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, chagua chuma kilichochovywa zinki ya moto au chuma kisichoshika kutu, kwani mkanda wa kawaida huliwa na kutu palepale usipouona.

Umbo la paa nalo lina neno. Paa la pande nne, linaloteremka kila upande, huvumilia upepo kuliko la pande mbili, na mteremko wa nyuzi 30 hivi hupata mvuto mdogo kuliko paa lililolala. Sikushauri ubomoe paa kwa ajili hiyo. Lakini paa la pande mbili lina ukuta wa pembetatu kila mwisho, na huo ndio ulioanguka kwenye nyumba nyingi kusini mwa Florida, Marekani, kimbunga Andrew kilipopita Agosti 1992. Ukuta wa pembetatu uliosimama bila mihimili ya kuutegemeza kwa ndani husukumwa au kufyonzwa, kenchi ya mwisho ikaanguka, na nyingine zikafuata kama mistari ya karata. Weka mbao za mshazari zinazoufunga ukuta huo kwenye kenchi kadhaa zinazofuata, kwa usawa wa dari na kwa usawa wa paa. Ni kazi inayofanyika ndani ya dari bila kugusa bati.

Kama una baraza, litazame kwa makini. Paa la baraza hupigwa kutoka chini na kufyonzwa kutoka juu kwa wakati mmoja, na likiwa ni mwendelezo wa mabati ya nyumba, likinyanyuka huondoka na paa lote. Litenganishe, liwe na mabati yake na kenchi zake, ili likiondoka liondoke peke yake. Kwa sababu hiyohiyo, mabati yanayoning'inia nje ya ukuta yasizidi nusu mita au chini ya hapo.

Chini ya bati pawe na kinga ya pili. Dhoruba huendesha mvua mlalo, hata kuipandisha, na nyumba nyingi ambazo mapaa yake hayakung'oka ziliharibika dari, nyaya za umeme na vitanda kwa maji yaliyopita kwenye maungio. Ikiwa juu ya kenchi pana plaiwudi, maungio yake yazibwe kwa utepe wa lami unaojigandisha, wenye upana wa sentimita 10 hivi, ndipo karatasi ya kuzuia maji itandikwe juu yake. Plaiwudi yenyewe ipigwe misumari ya pete kila sentimita 15, na fundi ahakikishe kila msumari umeingia kwenye kenchi. Katika Florida ile ya 1992 mbao bapa nyingi zilinyanyuka kwa sababu misumari na pini zilikuwa zimekosa kabisa mti uliokuwa chini yake.

Nageukia ukuta. Hapa aina ya vazi ina umuhimu zaidi kuliko kwenye paa, lakini bado ni ya pili baada ya jinsi linavyofungwa. Mbao halisi hufaa ikiwa zimepakwa rangi pande zote, pamoja na ncha zilizokatwa, ambazo hunyonya maji kuliko uso wote mwingine. Vipande vya plastiki ni vyepesi na haviozi, ila vingi hushikana kwa kulabu ndogo zinazofunguka kipande kimoja kikinyanyuliwa, kisha vinavyofuata huvuliwa kama maganda. Ukivitaka, tafuta vile vilivyopimwa kwa upepo mkali. Mbao za saruji na nyuzi, kwa maoni yangu, ndizo zinazofaa zaidi kwa ghorofa kama yako: haziozi, haziungui kirahisi, na uzito wake unabebeka. Kasoro yake ni kwamba huvunjika zikipigwa na kitu kizito, na msumari uliojificha chini ya ubao wa juu hautoshi penye upepo mkali. Agiza zipigwe misumari inayoonekana usoni, karibu na ukingo wa chini wa kila ubao. Shiti za saruji za zamani usizikate wala kuzitoboa kabla ya kujua kama zina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu.

Vazi lolote lishikwe na nguzo za fremu, si na ubao mwembamba uliopo katikati yake. Kwenye pembe za nyumba misumari ikaribiane kama ulivyofanya konani mwa paa, kwa sababu mvuto ni uleule. Ubao wa chini kabisa na ule wa mwisho juu ni sawa na ukingo wa paa: ukishika, wengine hushika. Tengeneza hilo kwanza kwenye upande ule wa nyuma uliovuliwa, halafu usiuache upande wa mbele. Jicho la kimbunga likipita juu yenu, upepo hurudi ukitokea upande wa pili, na ukuta uliokuwa umejificha saa moja iliyopita ndio unaopigwa.

Kubali pia kwamba maji yatapita nyuma ya vazi. Ukuta mzuri wa mbao huyategemea hayo na kuyapa njia ya kutoka: kwenye fremu hutandikwa karatasi ya kuzuia maji inayopishana, ya juu ikiifunika ya chini, kisha fito nyembamba zinazoacha uwazi wa sentimita moja au mbili, ndipo vazi lenyewe. Juu ya kila dirisha na mlango huwekwa bati lililokunjwa ambalo mdomo wake wa juu umeingia nyuma ya karatasi, si mbele yake. Kosa hili la kuliweka bati hilo mbele ni dogo kwa sentimita chache, lakini ndilo linalooza fremu nyingi. Chini kabisa pabaki wazi. Nimeona wenye nyumba wakiziba uwazi wa chini kwa silikoni ili wadudu wasiingie, na maji yaliyoingia juu yakakosa pa kutokea. Wavu wa chuma unatosha.

Matofali yako ya chini yana shida ndogo. Nyufa za lipu zizibwe kabla ya msimu, na pale ukuta wa matofali unapokutana na wa mbao pawekwe bati la kutupa maji nje, kwani maji yote yanayoshuka kutoka ghorofani huishia hapo.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza, nalo laweza kubatilisha yote ya juu. Dirisha au mlango mpana wa upande wa upepo ukivunjika, hewa hujaa ndani ya nyumba na kulisukuma paa kutoka chini wakati uleule linapofyonzwa kutoka juu, na mvuto wote unaweza kukaribia maradufu. Baada ya kimbunga Yasi kilichopiga kaskazini mashariki mwa Australia mwaka 2011, milango ya gereji ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoshindwa mara kwa mara hata kwenye nyumba zilizojengwa kwa kanuni mpya. Ule ushauri wa kufungua dirisha la upande wa nyuma ili kusawazisha mgandamizo haufai, na wala utepe uliobandikwa msalaba kwenye kioo hauongezi nguvu yoyote. Kinachofaa ni vifuniko vilivyopimwa. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni kurusha kipande cha mbao cha kilo nne hivi kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Kwa dharura, plaiwudi yenye unene usiopungua milimita 11, iliyokatwa mapema na kutobolewa matundu ya boliti, hufanya kazi. Ikatwe sasa, maana siku ya onyo la dhoruba hakuna fundi wala plaiwudi.

Fedha zenu zikiwa hazitoshi kwa mwaka mmoja, ningeanza na vifuniko vya madirisha na mikanda ya kenchi, pamoja na kuifunga upya ile kona na kingo zote kwa skrubu. Mihimili ya ukuta wa pembetatu ifuate, kwa kuwa gharama yake ni mbao chache na siku moja ya kazi. Ukuta wa nyuma uzibwe kwa mbao mlizonazo, zikiwa zimepigiliwa upya kwenye nguzo, hadi mtakapoweza kuuvalisha upya pamoja na karatasi yake. Mabati yaliyobaki, ikiwa hayana nyufa kuzunguka matundu ya misumari wala kutu kwenye maungio, yabaki yalipo. Yatazameni kwa karibu kwenye jua la pembeni, asubuhi au jioni, wakati ufa mdogo unapoonekana. Bati lenye ufa hata mmoja kwenye tundu libadilishwe, na msijaribu kuliokoa kwa kutoboa tundu jipya pembeni ya lile la zamani.